Thelathini za Nini?

Wiki chache kabla ya Novemba, maduka ya bunduki ya Pennsylvania na Michigan hujaa watu wenye swali moja: bunduki ipi inafaa kuwindia ayala? Huko Michigan msimu wa bunduki hufunguliwa Novemba 15, iangukie Jumapili au Jumatano, na ziko shule zinazofunga siku hiyo kwa sababu walimu na wanafunzi wangekuwa msituni. Muuzaji akiulizwa swali hilo hajibu kwa kutaja bunduki. Anataja namba. Thelathini-thelathini. Mbili-sabini. Thelathini-sufuri-sita. Sita nukta tano Creedmoor. Mnunuzi mwenye uzoefu anaitikia kwa kichwa, mgeni naye anaitikia asionekane mgeni, kumbe wote wawili wametajiwa kitu kisichofanana na kinavyosikika. Namba hizi zina sura ya vipimo, lakini nyingi ni historia: mwaka ambao jeshi lilibadili risasi, ugomvi wa wafanyabiashara wawili, jina la mwenye shamba, hesabu ya baruti ambayo hakuna anayeipima tena. Anayezisoma kama futi kamba atapotea mapema.

Kabla ya namba lakini kuna mnyama. Nimeandika "ayala" makusudi. Kamusi zetu zikikutana na deer wa Waingereza humpa jina la jirani: kulungu, paa, swala, mara nyingine mbawala. Hao ni wanyama wetu, wana wenyewe porini, na hakuna hata mmoja wao aliye wa ukoo huo. Afrika nzima ina ayala wa asili wa aina moja tu, yule mwekundu wa misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hayupo. Tofauti iko kichwani. Pembe ya kulungu ni gamba gumu lililovikwa juu ya mfupa, huota mara moja na kudumu maisha yote. Za ayala ni mfupa mtupu. Huota kila mwaka zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya, zikikomaa ngozi ile hukauka na kubanduka, kisha baada ya majira ya kupandana huanguka zote mbili na dume huanza upya.

Neno "ayala" lilitufikia ndani ya Biblia, katika Zaburi ya 42, likitoka kwenye Kiebrania, na lilikuja bila mnyama wake. Hakuna mwindaji wa Rufiji atakayekuonyesha unyayo akakwambia huyu ni ayala. Kwangu hiyo ni sifa. Mnyama asiyekuwapo kwetu na apewe neno lisilokuwa na mwenyewe kwetu. Kumwita kulungu ni kumpora kulungu jina lake bila kumnufaisha mtu.

Waingereza nao wana kisa chao. Katika Kiingereza cha kale deer alikuwa mnyama yeyote, na ndugu yake wa Kijerumani, Tier, bado ana maana hiyo hadi leo. Karne zilivyopita neno likajibana kwa mnyama mmoja aliyewindwa kuliko wengine. Sisi neno letu halikujibana kwa mnyama, lilielekea chunguni: nyama ni yule anayekimbia na nyama ni kile kinachochemka.

Hata pembe zinahesabiwa kwa lugha mbili. Dume mwenye matawi manne kila upande huitwa "wa matawi manane" huko Pennsylvania, kwa kuwa watu wa mashariki huhesabu pande zote. Ukienda magharibi, Colorado kwa mfano, ayala huyohuyo ni "wa manne", kwa kuwa kule huhesabu upande mmoja. Wawindaji wawili wanaweza kubishana nusu saa juu ya ukubwa wa mnyama ambaye wote wamemwona.

Turudi dukani. Mwindaji hachagui bunduki kwanza. Anachagua kile kitu cha shaba chenye baruti ndani yake na risasi mdomoni, kisha anatafuta bunduki inayokila. Sasa hicho kitu ni nani kwa Kiswahili? Siku hizi tunakiita risasi. Tatizo ni kwamba risasi ni ile ncha inayoruka pia, na risasi ni madini yale mazito ya kijivu pia. Polisi wakisema wameokota risasi kumi, hujui kama wameokota zilizokwisha kupigwa au ambazo bado zinasubiri.

Wazee walikuwa nalo neno. Zama za gobore, mpigaji alipima baruti kwa kipimo chake mwenyewe, akaimimina mtutuni, akatia kitambaa, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Baruti ya kutosha mlio mmoja ndiyo iliyoitwa kiasi. Walipokuja wageni na karatasi zilizofungwa tayari na baruti na risasi ndani, na baadaye maganda ya shaba, watu wa pwani hawakuhangaika. Wakaendelea kusema kiasi cha bunduki, wingi wake viasi, na kamusi za zamani zimelihifadhi. Ni neno lililokaa sawasawa, kwa kuwa maana yote ya chombo kile ni hiyo: kimekwisha kupimwa, kiasi ni hicho, usiongeze usipunguze.

Ukilirudisha neno hilo kazini, mengine yanapanga mstari yenyewe. Kiasi kina sehemu nne. Ganda ni kile kikopo cha shaba. Baruti imo ndani ya ganda. Fataki ni kile kidude cha duara kitakoni kinacholipuka kikigongwa. Wazee waliita hivyo kofia ndogo za kulipukia za magobore, na kazi haijabadilika. Risasi ni ile ncha tu, inayotoka na kwenda. Maneno yote manne yapo, hakuna hata moja la kukopa wala la kutungiwa kamati, na mtu anayejaza viasi vyake mwenyewe gereji, kama wafanyavyo Wamarekani wengi majira ya baridi, angeweza kuifanya kazi yake yote kwa Kiswahili cha Pangani cha karne ya 19.

Kuna mahali pamoja ambapo lugha yetu inachekesha. Tangu Julai 2019, California imepiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wote. Ayala hupasuliwa palepale msituni, matumbo huachwa, na ndani yake mna vipande vidogo vya risasi iliyopasuka. Tumbusi wakubwa wa California, ambao walibaki wachache mno, huyala wakafa kwa sumu. Kwa hiyo mwindaji wa huko sharti anunue risasi zisizo na risasi. Kwa Kiingereza sentensi hiyo haina mchezo wowote, sumu ina jina lake na ncha ina jina lake. Kwa Kiswahili inakwaza ulimi na kufundisha kitu kwa pamoja. Risasi za shaba tupu ni nyepesi kwa ukubwa uleule, hivyo kwa uzito uleule huwa ndefu zaidi, na baadhi ya bunduki za zamani hazizipendi.

Sasa namba. Jina la kiasi huanza na upana wa tundu la mtutu, kile ambacho Wazungu huita calibre. Wanaofuatilia asili za maneno wengi wao huipeleka calibre nyuma kupitia Ufaransa na Italia hadi kwa Waarabu, kwenye qalib, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka yapate umbo. Msomaji wa Kiswahili anapaswa kuruka kitini hapo, maana kalibu ni neno letu la siku nyingi: fundi alikuwa na kalibu ya risasi, ya kusubia vipira vya gobore lake. Neno hilo limetuingia mara mbili. Mara ya kwanza kwa jahazi, likaenda kwa wafua vyuma. Mara ya pili kwa magazeti ya michezo, likavaa herufi moja tofauti, na sasa tunasoma habari za "mshambuliaji wa kaliba ya juu". Mimi ningeandika kalibu kwa bunduki na kuwaachia washambuliaji kaliba yao.

Kalibu ya Wamarekani hupimwa kwa sehemu za inchi: .30 ni inchi sifuri nukta tatu. Ingekuwa rahisi kama kungekuwa na mahali pamoja pa kupimia. Mtutu wa bunduki ya kisasa umechorwa mifuo ndani, mistari inayojisokota ili risasi itoke inazunguka na isiyumbe hewani. Hiyo mifuo ndiyo inayoifanya bunduki kuwa raifo, na gobore haina. Unaweza kupima kutoka ukingo wa mfuo hadi ukingo wa pili, au kutoka ndani ya mfuo hadi ndani ya mwenzake. Kiasi cha .30-06 kimepewa jina kwa kipimo cha kwanza. Kiasi cha .308 Winchester, kilichotoka mwaka 1952, kimepewa jina kwa kipimo cha pili. Risasi zao ni zilezile, unaweza kuzichota kutoka boksi moja ukajazia maganda ya vyote viwili. Mgeni anadhani .308 ni nene zaidi kidogo. Anadhani pia .270 Winchester ina risasi ya 0.270, ina ya 0.277.

Nusu ya pili ya jina ndiyo vurugu yenyewe. Tuanze na thelathini-thelathini. Winchester walikitoa mwaka 1895 kwa ajili ya bunduki yao ya 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning, fundi wa Ogden, Utah, na hakikuitwa hivyo. Kiliitwa .30 WCF, yaani cha Winchester. Marlin, mshindani wao, naye alitaka kuuza bunduki za kiasi kile, ila asingekubali kuchonga jina la Winchester kwenye mitutu yake. Jina la kampuni likang'olewa, mahali pake ikawekwa thelathini ya pili: punje 30 za baruti. Punje ni kipimo cha tangu enzi za kupimia nafaka, 7,000 kwa ratili moja. Zama za baruti nyeusi ilikuwa desturi kuandika hivyo, kalibu kisha punje. Kiasi cha jeshi la Marekani cha 1873, .45-70, kilikuwa na punje 70 kweli. Lakini .30-30 ilizaliwa na baruti isiyotoa moshi, ambayo haina uzito mmoja. Aina ya baruti ikibadilika, punje hubadilika. Thelathini ya pili imebaki kama jina la ukoo la mtu ambaye babu yake alikuwa mhunzi.

Haya, umeelewa kanuni: kalibu, kisha punje. Sasa chukua .30-06. Sufuri-sita si punje sita. Ni mwaka 1906. Jeshi la Marekani lilikuwa na kiasi cha 1903 chenye risasi butu, Wajerumani wakatoa risasi iliyochongoka, Wamarekani nao wakachonga ya kwao na kubadili ganda kidogo. Sufuri hiyo hutamkwa kwa neno la kikale, "ot", ambalo Mmarekani wa leo hulitumia kwa nadra kwingineko. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwa msafara wake wa uwindaji, bunduki ya kiasi hicho ilikuwa ndani ya mizigo yake, ikiwa bado mpya sokoni.

Kalibu na punje, kalibu na mwaka. Savage Arms wakaja mwaka 1915 na .250-3000, na elfu tatu hiyo si punje wala mwaka. Ni mwendo: futi 3,000 kwa sekunde. Charles Newton aliyekibuni alitaka risasi ya punje 100, lakini kwa uzito huo mwendo ulikuwa haufiki elfu tatu kamili. Kampuni ikapunguza risasi hadi punje 87 ili tangazo liwe la kweli. Yaani jina lilitangulia, kitu kikatengenezwa kilingane nalo. Nakipenda kiasi hicho kwa sababu hiyo peke yake, na najua si sababu ya kununulia bunduki.

Kile kinachouzwa sana siku hizi kwa vijana, 6.5 Creedmoor, kimechukua jina la mahali. Hornady wa Nebraska walikitoa mwaka 2007. Creedmoor kulikuwa uwanja wa shabaha katika Long Island, New York, ambako Wamarekani waliwashinda Waayalandi mwaka 1874, na uwanja ulichukua jina la familia ya Creed iliyokuwa na shamba hapo. Mtu wa Texas anayemwangusha ayala leo anamtaja bila kujua mkulima wa New York wa karne ya 19.

Wazungu wa bara wana utaratibu wa kueleweka. Wao huandika kalibu kwa milimita, kisha urefu wa ganda kwa milimita, basi: 7×57, 6.5×55, 9.3×62. Hicho cha mwisho kilibuniwa na Otto Bock, fundi wa Berlin, mwaka 1905, kwa wateja waliokuwa wakienda makoloni ya Kijerumani ya Afrika, kwa hiyo kiliwahi kulia sana katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Jina lake halikusimulii lolote kati ya hayo. Na 7×57 ilipovuka bahari kwenda London, kampuni ya Rigby ikaibatiza .275 Rigby, maana mteja wa Kiingereza asingetaka kununua kitu cha Mjerumani Mauser kwa milimita. Kwa hiyo ukisoma kwamba W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja hata akaitwa jina la mahali hapo, alitumia .275, na mwingine akakwambia alitumia milimita saba, hawapingani. Kwa kiasi hichohicho, ambacho leo Mmarekani anakiona cha wastani kwa ayala wa kilo 80, Bell aliua mamia ya tembo. Alijua risasi ipite wapi ndani ya kichwa, na alitumia risasi ndefu nzito isiyopasuka. Asije mtu akamwiga.

Kubadili jina kumewahi kuumiza kampuni pia. Remington walikuwa na .280, iliyotoka 1957, inauzika polepole. Mwaka 1979 wakaamua kuiita 7mm Express, jina la kupendeza. Wateja wakaichanganya na 7mm Remington Magnum, ganda jingine kabisa, na haikupita miaka mingi .280 ikarudishwa.

Mtu mmoja alijua nguvu ya maneno katika haya yote. Jack O'Connor alifundisha Kiingereza na uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Arizona kabla ya kuwa mhariri wa bunduki wa jarida la Outdoor Life, na kwa miongo kadhaa aliisifu .270. Kiasi hicho kilikuwa kimetoka 1925 na kingeweza kusahaulika kama vingine vingi. Mpinzani wake, Elmer Keith wa Idaho, alihubiri risasi nene na nzito na kuidharau .270 kuwa ya kuulia wanyama wadogo waharibifu. Nikisoma ubishi wao naona Keith alikuwa na hoja zake, lakini O'Connor aliandika vizuri zaidi, na rafu za maduka ya Marekani bado zina .270 kila mahali. Mwalimu wa lugha alishinda vita vya bunduki.

Mnunuzi wa Ohio au Michigan ya kusini ana neno la ziada la kujifunza, na hili amelazimishwa na sheria. Kule nchi ni tambarare, nyumba ziko karibukaribu, na kwa muda mrefu ayala aliwindwa kwa shotigani yenye risasi moja nene, isiyosafiri mbali. Mwaka 2014 Ohio iliruhusu raifo, mradi ganda liwe lililonyooka: yaani lisiwe na shingo. Viasi vingi vya kisasa vina ganda nene linalobanwa shingoni ili baruti nyingi isukume risasi nyembamba, na hiyo ndiyo inayokwenda kilomita kadhaa ikikosa. Ganda lililonyooka lina mwendo mdogo na risasi inashuka mapema. Winchester wakatunga .350 Legend mwaka 2019 kwa soko hilo hasa. Risasi yake ni nene kuliko jina.

Shotigani zenyewe huhesabiwa kinyumenyume. Namba 12 maana yake ni kwamba ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa vipira 12 vinavyolingana, kila kimoja kinaingia sawasawa katika mtutu. Vipira 20 vitakuwa vidogo zaidi, ndiyo maana namba 20 ni bunduki ndogo kuliko namba 12.

Kiasi kikishachaguliwa, ndipo bunduki. Hapa kuna makundi mawili makubwa, na Kiswahili kinayapokea bila jasho. La kwanza ni bunduki za komeo. Shika Winchester Model 70 au Mauser 98: unainua mpini, komeo linafunguka, unavuta nyuma, ganda tupu linaruka nje likiwa la moto, unasukuma mbele, kiasi kipya kinapanda kutoka magazini, unashusha mpini, limekomewa. Ni komeo la mlango wa Unguja, kazi ileile, na Kiingereza nacho kinatumia neno moja kwa mlango na kwa bunduki. Magazini, kwa njia, ni jamaa ya hazina: yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wa kuweka akiba.

Kundi la pili ni bunduki za wenzo, neno ambalo kila aliyesoma fizikia ya sekondari analo. Chini ya kifyatulio kuna kitanzi cha chuma, vidole vitatu vinaingia, unakisukuma chini na kukirudisha, bunduki imejaa. Winchester ya 1894 ni ya wenzo, na zilitengenezwa zaidi ya milioni saba, nyingi New Haven, Connecticut. Ni fupi, nyembamba, inabebeka kwa mkono mmoja ikishikwa katikati, na kwenye msitu mzito ambako ayala hupigwa mita hamsini au sabini haina upungufu wowote. Angalia risasi zake: nyingi zina pua bapa. Magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu, viasi vimepangana kichwa kwa kitako, pua ya kila risasi ikigusa fataki ya kiasi cha mbele yake. Risasi iliyochongoka ingekuwa msumari juu ya fataki kila bunduki inapomsukuma mpigaji bega. Kwa hiyo bapa, kwa hiyo mwendo unapungua upesi, kwa hiyo ni bunduki ya karibu. Jambo lote la .30-30 limo katika bomba lile.

Kwa mnunuzi wa bunduki iliyokwisha kutumika kuna msamiati wa mwisho, "kabla ya 64". Mwaka 1964 Winchester walibadili utengenezaji ili kupunguza gharama: vipande vilivyokuwa vikichongwa vikaanza kugongwa kwa mashine, na Model 70 ikanyang'anywa ile kucha pana ya Mauser iliyokuwa ikikishika kiasi tangu kinapotoka magazini. Wateja walinung'unika hata mwaka ukageuka sifa ya bunduki, na bei ya soko hadi leo hubadilika kati ya iliyotengenezwa 1963 na ya 1964.

Wamarekani wana mengi ya kusema juu ya bunduki kipenzi, na nikiwasikiliza naona mara nyingi si ile yenye namba nzuri. Ni ile iliyomkaa mtu. Tunasema kanzu imemkaa, na bunduki vilevile: kitako kikifika begani macho yanajikuta yamo kwenye shabaha bila kutafuta, kidole kinafikia kifyatulio bila kunyooka. Umbali kati ya kifyatulio na mwisho wa kitako hupimwa, na hukatwa mbao kwa mtu mfupi au mtoto. Bunduki ya babu mara nyingi haimkai mjukuu, naye huitunza vivyo hivyo, akawindia nyingine.

Neno ambalo sijalizoea ni la idara za wanyamapori. Katika ripoti za majimbo ayala hawauawi, wanavunwa, na nasi Tanzania tumelichukua: uvunaji wa wanyamapori, kibali cha kuvuna. Naelewa sababu, idadi inapangwa, vibali vinahesabiwa, na ayala wasiopunguzwa hula misitu michanga ikaisha. Bado naona ni neno la ofisini. Wawindaji wenyewe husema "nimempata" au "nimekosa", na wale wa kwetu husema "nimemwangusha", ambalo lina heshima ya kukiri kwamba alikuwa amesimama.

Mimi ningechukua wenzo wa .30-30, kwa kuwa nimependa hadithi yake na kwa kuwa hata duka la kijiji lenye rafu moja ya viasi huwa nacho. Kiasi cha .250-3000 ningekitamani tu. Utaratibu wa kukipata ni kuagiza na kungoja.

Lakini ukinunua chochote, soma maandishi ya pande mbili. Yako kwenye mtutu, karibu na chemba, na yako kitakoni pa ganda, yamezunguka fataki kwa herufi ndogo unazohitaji mwanga kuziona. Yafanane herufi kwa herufi. Kufanana namba hakutoshi. Kiasi cha 300 Blackout, ambacho baadhi ya watu huwindia ayala, kimetengenezwa kwa ganda la .223 lililofupishwa. Kitako ni kilekile na magazini ni ileile. Ndani ya bunduki ya .223 kinaweza kuingia, komeo likafunga, na risasi ya unene wa 0.308 ikalazimishwa kupita tundu la 0.224; bunduki hupasuka usoni pa mwenyewe. Kwenye shotigani hatari ni ya namna nyingine: kiasi cha namba 20 kikitumbukia katika mtutu wa namba 12 hupita chemba na kukwama mbele, mpigaji akidhani hajaweka kitu huweka cha 12 nyuma yake. Hapo watengenezaji walikata tamaa na maandishi. Viasi vya namba 20 vya leo huwa na maganda ya rangi ya manjano, na vya namba 12 huachwa vivae rangi yoyote isipokuwa hiyo.